Betri ya gari Arusha/Moshi: kabla hujatoa laki mbili, pima kwanza (yaliyonikuta tangu Juni)

sakina_juu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeandika nikiwa bado na uchungu wa pesa, na sitaki mwingine apite nilipopita.

Gari ni Premio, otomatiki, ninalo mwaka wa nne sasa. Naishi Sakina, kazi mjini, na karibu kila mwisho wa wiki nashuka Moshi kwa mama, Kibosho. Mwezi Mei nilifungiwa redio mpya, ile ya kioo kikubwa. Juni baridi ikaingia.

Mnaijua Juni ya Arusha. Asubuhi moja ukungu umeshuka mpaka barabarani, nageuza ufunguo, stata ikavuta kwa shida mara mbili tatu, halafu kimya. Jirani akanibusti, yaani akaunganisha waya kutoka betri ya gari lake, likawaka. Kesho yake vilevile. Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: betri. Na mimi nikakubali, maana ilikuwa na miaka mitatu na baridi ilikuwa kali. Hakuna hata mmoja aliyepima kitu.

Nikaenda duka moja mjini, silitaji. Nikaambiwa "hii betri kavu dada, mpya, ya nje", bei 135,000. Ile ya zamani wakaichukua kwa 15,000, nikatoa 120,000. Kijana akafunga palepale, gari likawaka mara moja, nikaondoka nimeridhika. Risiti ilikuwa kikaratasi cha kuandikwa kwa mkono, hakina jina la duka wala muhuri.

Septemba tukafiwa Kibosho. Gari lilikaa pembeni ya migomba siku mbili bila kuguswa. Siku ya kuondoka nageuza ufunguo linanijibu tik-tik-tik-tik. Wajomba zangu, watu wazima, wakaacha chai yao wakaja kusukuma. Walisukuma mpaka nikawasihi waache, kwa sababu otomatiki haishtuki kwa kusukumwa hata uiteremshe mlima mzima. Dereva wa Hiace iliyoleta waombolezaji ndiye aliyetoa waya akanibusti. Akaniambia, "Dada, usizime mpaka ufike." Sikuzima. Zaidi ya kilomita 80, nimepita Boma Ng'ombe na Usa River na mwili umekakamaa. Nimefika nyumbani, nimezima, nimejaribu kuwasha: kimya kabisa.

Nikaifungua betri mwenyewe nikaiweka kibarazani. Ndiyo mara ya kwanza niliitazama sawasawa. Kona moja ya stika ilikuwa imeinuka, nikaivuta. Chini yake kulikuwa na stika nyingine, imefifia, ya kampuni nyingine kabisa. Vile vichwa viwili vya risasi vinapofungwa waya vilikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka, alama za tamino (vibanio vya waya) za gari jingine, vimepigwa msasa ili ving'ae. Ukingoni mwa mfuniko ulipita mstari wa gundi. Na pale ambapo tarehe hugongwa, plastiki ilikuwa imekwanguliwa kwa kitu chenye ncha. Wakuu, niliuziwa betri ya zamani iliyooshwa, ikatiwa asidi nyingine na kubandikwa stika.

Siku hiyohiyo nilinunua multimeta, kile kifaa cha kupimia umeme, 25,000. Laiti ningeinunua Juni. Hizi ndizo namba ambazo sasa nazijua kwa kichwa:

Betri ya volti 12 ina seli 6, kila seli karibu volti 2.1. Ikiwa imejaa, na imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo tu. Ukiichaji usiku kucha na bado inagota karibu 10.5, seli moja imekufa, usipoteze muda nayo. Yangu ilisoma 10.4.

Halafu washa gari upime tena palepale kwenye vichwa vya betri. Inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Hapo altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, inafanya kazi. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haifanyi kazi, na betri mpya utakayofunga itaishia njiani kama ya zamani. Ikipita 15, altaneta inaikaanga betri.

Sasa kununua. Betri iliyokuja na gari ilikuwa imeandikwa 46B24L juu ya mfuniko, ndiyo wauzaji wanaiita NS60. Usiende dukani na neno "betri ya Premio", nenda na maandishi hayo. 46 ni daraja la nguvu, kubwa zaidi ni bora. B ni aina ya kimo na upana. 24 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho, L au R, inaeleza chanya iko upande gani, na hapo ndipo wengi wanaumia: ukichukua R badala ya L waya za gari hazifiki, fundi anaanza kuzivuta au kuziunga. Ikifungwa kinyume, umeunguza fyuzi kuu na pengine altaneta. Na kama kuna S mwisho kabisa, yaani 46B24LS, hiyo ina vichwa vinene. Magari mengi madogo ya Japani yana tamino nyembamba. Usikubali fundi apanue tamino kwa bisibisi, wala akupigie msumari katikati ili ibane. Msumari unapata kutu, mguso unapotea, na mwezi ujao utaambiwa betri imekufa.

Duka la pili nilikwenda na multimeta kwenye pochi. Muuzaji akaniletea betri inang'aa, nikapima: 12.31. Akasema, "Hiyo itajaa ikiwa kwenye gari." Nikakataa. Betri iliyokaa stoo miezi bila kuchajiwa inajimaliza yenyewe taratibu, na ikikaa chini ya kiwango muda mrefu, chumvi ya risasi inagandamana kwenye bati za ndani na nguvu hairudi yote. Ninunue mpya ambayo imeshazeeka kwenye rafu? Akaingia ndani, akatoa nyingine, kofia za plastiki bado ziko kwenye vichwa, tarehe ya miezi minne nyuma, imesoma 12.66. Nikalipa 185,000, nikapewa risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na kadi ya waranti ya miezi 12, nikamwomba aandike namba ya gari na tarehe mbele yangu. Muuzaji hakukasirika hata kidogo. Muuzaji mwenye mali nzuri haogopi kupimwa.

Uzi ungeishia hapo. Lakini baada ya wiki moja nilisafiri siku tatu nikaliacha gari nyumbani, niliporudi nikapima kabla ya kuwasha: 12.12. Betri mpya! Ndipo nikatafuta fundi waya, mzee mmoja mtulivu aliyepo Mbauda. Hakugusa betri. Alifunga milango, akasubiri kama nusu saa gari "lilale", akachomoa waya wa hasi na kupitisha umeme kwenye multimeta yake. Ikasoma 0.34. Akaniambia gari likiwa limezimwa kabisa halitakiwi kuzidi ampia 0.05. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, mimi nikitazama kioo. 0.34. 0.34. 0.33. Alipochomoa fyuzi ya redio ikaanguka mpaka 0.03.

Aliyefunga ile redio alikuwa ameunganisha waya wa njano na mwekundu pamoja. Wa njano ni wa kumbukumbu, unapata umeme muda wote. Mwekundu unatakiwa upate umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu. Kwa hiyo redio ilikuwa hailali. Fanyeni hesabu nami: 0.34 mara saa 24 ni zaidi ya ampia-saa 8 kwa siku. NS60 ina 45 hivi. Siku tatu hazijaisha umekula nusu. Fundi alitenganisha waya, akanitoza 20,000.

Redio niliiweka Mei. Betri "ikafa" Juni. Ile betri yangu ya kwanza, niliyoiacha kwa 15,000, inawezekana kabisa haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa inanyonywa usiku na mimi nikailaumu baridi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata ile ya stika mbili.

Kwa hiyo ombi langu: mtu akikuambia "betri", mwulize amepima ngapi.

---

fundi_waya_majengo

Mleta uzi umeeleza vizuri sana, na huyo mzee wa Mbauda ni fundi. Naongezea ya kwetu sisi wa kazi hii.

Kwanza, kuna mafundi wanapima altaneta kwa kuchomoa tamino gari likiwa linawaka, likizima wanasema altaneta mbovu. Naomba mtu yeyote akitaka kufanya hivyo kwenye gari lako mzuie mkono. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla volti zinaruka juu, na kontroli boksi, ile kompyuta ya gari, inaweza kuungua. Nimeshapokea magari ya namna hiyo. Kontroli boksi si bei ya betri.

Pili, pima wakati wa kuwasha. Mwenzako ageuze ufunguo, wewe unatazama multimeta kwenye vichwa vya betri. Isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri inaweza kusoma 12.6 imetulia, ukipiga stata ikaanguka mpaka 7. Hiyo imechoka ndani.

Tatu, sauti. Tik-tik-tik za haraka ni umeme mdogo: betri imeisha au mguso mbovu. Ukisikia "tak" moja nzito halafu basi, na taa za dashibodi hazififii, angalia stata kabla ya kununua betri.

Nne, waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi na injini. Unaoza chini kwenye bolti, hakuna anayeutazama. Gari linakuwa gumu kuwaka, watu wananunua betri.

---

mwana_njiro

Mimi nina betri mwaka wa sita, sijawahi kuipima, sina multimeta. Nilinunua ya kampuni inayoeleweka na basi. Naona mnatishana tu.

---

sakina_juu

Mkuu Njiro, miaka sita ni mingi, hongera, nafurahi kwa ajili yako. Lakini hapa Arusha kuna ubaridi, na ubaridi unaitunza betri. Baridi haiui betri, inaonyesha tu kwamba ilishadhoofika, kwa sababu nguvu zinapungua na oili ya injini inakuwa nzito wakati uleule. Kinachoua ni joto. Na betri ya mwaka wa sita naomba uipime kabla ya kupeleka watoto mbugani, si kwa kutishana.

---

pasua_kwetu

Nathibitisha hilo la joto. Nilikuwa Arusha, nimehamia Moshi mwaka wa tano. Gari ileile, kampuni ileile ya betri. Arusha ilinipa miaka minne, Moshi ya kwanza ilikwisha miaka miwili na miezi kidogo. Moshi tuko chini, Januari na Februari ukifungua boneti saa nane mchana huwezi kugusa kitu. Fundi aliniambia kila joto likipanda nyuzi 10 umri wa betri unakatika karibu nusu. Siku hizi naegesha kivulini hata kama ni mbali na ofisi, na nimerudisha ile kava ya betri iliyokuja na gari ambayo mafundi huwa wanaitupa.

Pia wale wa betri ya maji: huku Moshi yanakauka haraka, fungua uangalie kila mwezi. Bati za ndani zisionekane zimetoka juu ya maji. Tumia maji ya betri ya dukani tu. Maji yetu ya bomba na visima, upande wa Arusha na Meru hasa, ndiyo haya yenye floraidi yanayotia meno rangi, yana madini mengi, ukiyatia kwenye betri unaila mwenyewe. Na usiongeze asidi. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki.

---

kijenge_juu

Wakuu nina CX-5, betri imeandikwa Q-85, sioni hiyo B mnayosema. Dukani wamenipa bei mbili, moja ya kawaida "inaingia vizuri tu" na nyingine karibu mara mbili. Nichukue ipi?

---

fundi_waya_majengo

Mkuu, gari yako inajizima yenyewe kwenye foleni na kuwaka ukiachia breki. Betri yake ni ya aina tofauti, imetengenezwa kuvumilia kuwashwa mara nyingi kwa siku. Q-85 kwa umbo ni sawa na D23 kwa ile namna ya kuandika aliyoeleza mleta uzi, ndiyo maana anakuambia inaingia. M-42 ni umbo la B20, N-55 la B24, S-95 la D26. Kuingia inaingia. Ukifunga ya kawaida, mfumo wa kujizima unaweza kugoma, na usipogoma betri itachoka mapema sana. Lipa hiyo ya bei kubwa. Na baada ya kufunga, mfumo unahitaji kuelezwa kwamba betri imebadilishwa, usifunge kwa mtu asiyejua hilo.

---

dereva_wa_mbuga

Mimi ni dereva wa utalii, naendesha Land Cruiser ya volti 24, yaani betri mbili za 12 zimeunganishwa moja baada ya nyingine. Naomba nieleze kosa ambalo Arusha hapa linatugharimu kila msimu.

Friji ya wageni ni ya volti 12. Redio ya mawasiliano ni ya 12. Fundi anaona uvivu, anachukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Inafanya kazi, kila mtu anafurahi. Kinachotokea ni kwamba betri moja inanyonywa na nyingine hainyonywi, lakini altaneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Iliyonyonywa haijai, ambayo haijanyonywa inazidishiwa mpaka inachemka. Miezi michache zote zimekufa, moja kwa njaa na nyingine kwa kushiba. Nimelala Seronera, katikati ya Serengeti, na wageni wanne kwa sababu ya hilo, asubuhi gari tatu za wenzangu zimesimama kunisaidia badala ya kuwahi simba. Dawa ni kifaa cha kushusha 24 kwenda 12 kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili. Na ukibadilisha, badilisha zote mbili siku moja, aina moja, ukubwa mmoja. Ukichanganya mpya na ya zamani, ya zamani inaivuta mpya chini.

Wale wenye gari ya volti 12 wanaotaka friji: weka betri ya pili ya pembeni kwa ajili ya friji, ile ya kutumika polepole muda mrefu, na swichi inayoitenga na ya kuwashia. Betri ya kuwashia ina bati nyembamba nyingi, kazi yake ni kutoa nguvu nyingi sekunde chache. Ukiikausha mara kwa mara na friji inakufa, hata iwe ya bei gani.

Na jingine dogo: kile chuma kinachobana betri. Barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti inatikisa mpaka meno. Betri isiyobanwa inacheza, risasi inapukutika kutoka kwenye bati, inajikusanya chini na kuzigusanisha bati za ndani. Nimeona gari betri imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Tafuta kile chuma.

---

mzee_wa_marangu

Vijana wangu, mada nzuri. Naomba niseme juu ya ile betri ya zamani, maana wote mnazungumzia mpya.

Msimwage asidi nyuma ya nyumba. Nimeona mtu Himo amepasua betri kwa shoka ili auze risasi kwa kilo, asidi imeingia mfereji wa migomba, na wajukuu wanacheza na vipande vya bati. Risasi haionekani inavyoingia kwa mtoto, na ubongo wake ndio unaoumia. Wenzetu wa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, watu na watoto wakapatwa na sumu ya risasi. Mama aliyelipigania, Phyllis Omido, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira 2015, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hayo hayakuanza kwa kiwanda kikubwa sana, yalianza kwa betri kama hizi zetu.

Irudisheni dukani ikiwa nzima, wakukate bei. Asidi ikimwagika, mwagieni magadi na maji mengi. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye tamino nao unatoka kwa magadi na maji ya moto, futeni, kausheni, pakeni grisi kidogo.

---

pasua_kwetu

Shikamoo mzee. Asante kwa hilo. Na ndiyo maana zile za stika mbili zipo: betri tunazoziacha dukani zikiwa nzima ndizo zinazooshwa na kurudi kwetu. Mimi siku hizi nikiirudisha naikwaruza kabisa stika na kuandika "MBOVU" kwa rangi.

---

mzee_wa_marangu

Marahaba. Hilo la rangi ni zuri.

---

usa_river_mama

Dada mleta uzi, hiyo betri ya stika mbili uliifanyaje? Ulirudi dukani?

---

sakina_juu

Nilirudi dada. Nikaibeba, kilo kumi na kitu hiyo, nikaiweka juu ya kaunta na stika yake ya pili ikiwa wazi. Walisema hawanijui. Kile kikaratasi hakikuwa na jina la duka, kwa hiyo sikuwa na cha kuonyesha. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, na ningekuwa na risiti ya EFD ningekwenda kwao siku hiyohiyo. Nimebaki na picha. Kwa hiyo risiti dada, risiti yenye jina la duka, hata kama wanakuambia "bila risiti nakupunguzia 20,000".

---

tengeru_njiapanda

Wakuu, nimesoma uzi huu jana usiku, na leo asubuhi gari imegoma kuwaka. Fundi wa mtaani amekuja, ameipiga stata mara mbili, "betri bosi", na amenitajia 190,000 anafuata mwenyewe mjini. Nimeazima multimeta kwa jirani anayefanya kazi za sola. Betri imesoma 12.58. Sasa nifanyeje?

---

fundi_waya_majengo

Usitoe pesa. Weka ncha moja ya multimeta kwenye kichwa cha risasi chenyewe, katikati, na nyingine juu ya tamino iliyokivaa. Chanya kwanza, halafu hasi. Mtu ageuze ufunguo. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Niambie inasoma ngapi.

---

tengeru_njiapanda

Chanya 0.1. Hasi imeruka mpaka 4.6 na dashibodi imezimika.

---

fundi_waya_majengo

Mguso wa hasi ndio mbovu. Fungua hiyo tamino, hasi huwa inafunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Angalia ndani.

---

tengeru_njiapanda

Kuna skrubu imepigwa katikati ya tamino na kichwa, imeota kutu ya kijani. Nimeitoa, nimesugua kwa msasa, nimebana na spana namba 10. Imewaka mara ya kwanza. Inasoma 14.2 ikiwa inawaka.

---

fundi_waya_majengo

Safi. Nunua tamino mpya ya hasi ya saizi nyembamba, ni bei ndogo. Hiyo iliyopanuliwa italegea tena.

---

sakina_juu

Tengeru, umenifurahisha kuliko unavyojua. Fundi Majengo, asante, hilo la kupima kati ya kichwa na tamino sikulijua, naliongeza kwenye daftari langu.

Yangu nimeipima jioni hii, gari halijaguswa tangu Jumapili: 12.61.